Naombeni ushauri: mchele wangu niuhamishie Kigali au nibaki Kahama?

Mpunga_Mkavu:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mfanyabiashara wa mchele hapa Kahama, mwaka wa sita sasa, nanunua mpunga kwa wakulima nakoboa nauza jumla. Nimechoka jamani. Leo anakuja mtu wa ushuru wa mazao, kesho wa leseni, keshokutwa wa zimamoto, na kila mmoja ana kitabu chake cha risiti kwapani. Sasa nasikia Rwanda kampuni unasajili mtandaoni, bure, siku hiyohiyo unapata cheti na namba ya mlipakodi. Nchi yenyewe mkoa wa Tabora peke yake unaimeza mara mbili na nafasi inabaki ila mambo yao yananyooka. Nifungue kampuni kule au nikomae hapahapa? Mtaji upo. Nawasilisha.

Kiroba_Tisa:
Nenda mkuu unasubiri nini. Ile ripoti ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara, ya 2020, Rwanda walikuwa wa 38 duniani, sisi wa 141. Afrika nzima walizidiwa na Mauritius tu.

Nusu_Kilo:
@Kiroba_Tisa hiyo ripoti yenyewe waliifuta 2021 baada ya kugundulika takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa. Rwanda hawakutajwa kwenye hilo, niwe mkweli, ila usimpeleke mtu na kitu kilichofutwa.

Mama_Mizani:
Mie niliwahi kupeleka vitenge Kigali, enzi hizo kwetu mifuko ya nailoni bado ruksa, kule walishaipiga marufuku tangu 2008. Sasa vitenge vyangu nimevifunga kimoja kimoja kwenye nailoni nzuuri inang'aa. Kufika mpakani Rusumo dada mmoja ananiambia kwa upole kabisa, mama toa zote. Nilikaa chini kwenye sakafu nikachambua kitenge kimoja kimoja hadi gari likaniacha. Hakuomba hata mia, wala hakusikiliza hata neno moja langu. Ndio watu wa kule walivyo.

Mpunga_Mkavu:
Asante mama, ila mchele sifungi kwenye nailoni.

Fundi_wa_Vitabu:
Mleta mada, kusajili kule ni rahisi kweli, RDB, ile bodi yao ya maendeleo inayosajili kampuni, unamaliza mtandaoni. Lakini namba ya mlipakodi ikishatoka kodi inaanza kukuhesabia. Usipouza hata kilo moja bado unatakiwa kupeleka ritani ya sifuri, ukilala ni faini. Na kila mauzo yanatoka na risiti ya EBM, mashine yao ya risiti za kodi. Wewe wa kukimbia vitabu vya risiti utakutana na mashine. Halafu niulize, kampuni bado hujafungua au umeshafungua? Maana "mtaji upo" umeisema kama mtu aliyekwishautoa.

Mpunga_Mkavu:
Bado nafikiria mkuu.

Fundi_wa_Vitabu:
Unafikiria au imeshasajiliwa?

Mpunga_Mkavu:
Ni kama imeshasajiliwa. Kuna mwenyeji wangu kule, tulifahamiana kwenye mambo ya malori, ndio alinisaidia. Ila swali langu lilikuwa ni soko, ninyi mmekwenda kwenye makaratasi.

Fundi_wa_Vitabu:
Hisa ziko kwa jina la nani?

Mpunga_Mkavu:
Kwa jina lake kwa sasa. Alinielewesha kwamba mgeni haruhusiwi kuanza, lazima atangulie mwenyeji, baada ya mwaka ananihamishia. Na sio tapeli, mke wangu anamjua, Pasaka alilala kwangu. Hela ya usajili tu nilimpa laki nane na akanirudishia chenji, tapeli gani anarudisha chenji?

Nusu_Kilo:
Chenji ya kitu cha bure 😂😂

Fundi_wa_Vitabu:
Kaka, mgeni kule anamiliki hisa zote mia kwa mia, hakuna sheria ya kutanguliza mwenyeji. Mwambie akutumie ile karatasi ya taarifa kamili za kampuni, inaonyesha wenye hisa na wakurugenzi. Leo, sio kesho.

Mzee_wa_Kizimbani:
Vijana mnakimbia kwenu kwa sababu ya ushuru halafu mnamwachia mtu baki kila kitu. Mngeelewana na halmashauri zenu. Mimi nimelipa ushuru tangu miaka ya themanini na sijafa.

Mpunga_Mkavu:
Mzee shikamoo, ila sikuachia kienyeji. Mkataba upo, tumesaini Kigali kwenye ofisi ya wakili, Jumamosi ile tarehe 25, saa tatu asubuhi, na mihuri ikagongwa.

Kibegi_Cheusi:
Hapo umejichanganya. Nimeishi Remera, Kigali, miaka minne. Jumamosi yenye tarehe 25 lazima iwe ya mwisho ya mwezi, na hiyo ni umuganda, kazi za pamoja za jamii. Saa mbili hadi saa tano mji mzima uko na majembe na mafagio, maduka yamefungwa, barabarani unaulizwa unaenda wapi. Ofisi ya wakili gani ilikuwa wazi? Wakuu hii ni chai, tena ya maziwa. Subirini, kesho anakuja "ndugu" kutangaza huduma ya kusajili kampuni.

Kiroba_Tisa:
Daah na mimi nilishaanza kupanga safari.

Mama_Mizani:
Mie nilishangaa tangu mwanzo, mtu wa Kahama ana mtaji halafu anauliza soko mtandaoni.

Mpunga_Mkavu:
Sio chai wakuu, naapa. Okei haikuwa ofisi. Ilikuwa sebuleni kwa mwenyeji, wakili alikuja pale. Mlango ulifungwa na mapazia yakashushwa, wakasema tuongee taratibu. Nikajua ni heshima ya mkataba.

Kibegi_Cheusi:
Walikuwa wamekwepa umuganda hao, wanaogopa faini 😂😂 Huyo wakili alivaaje?

Mpunga_Mkavu:
Kandambili. Nilichukulia ni mambo ya wikiendi.