Siku 60 zikipita kimya, tujenge au tungoje kibali?

Baba Harusi wa Tudor:
Salaam jamaa. Naleta hapa ubishi wa barazani kwetu Mombasa juu ya kibali cha ujenzi maana jana tumebishana mpaka kahawa ikapoa na hakuna alomshinda mwenzake. Mtu amepeleka ramani zina sahihi ya msanifu na ya injinia, kopi ya hatimiliki, risiti ya kodi ya ardhi, ada amelipa, halafu ofisi ya kaunti ikanyamaza kimya. Ajenge au asijenge?

Mie nasema ajenge. Ile sheria ya Kenya ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, iliyoiondoa ile ya 1996, kifungu cha 58 chasema siku 60 zikipita hujapata jibu la maandishi basi ihesabiwe umepewa ruhusa. Hayo yameandikwa na bunge, si na fundi wangu. Sasa kifungu cha 57, kile cha faini isiyozidi shilingi laki 5 au jela isiyozidi miezi 2 au vyote viwili ukianza ujenzi bila ruhusa, hicho kila askari wa kanjo, yaani wa kaunti, anakijua kwa moyo, ila cha 58 ambacho ni jirani yake mlango kwa mlango hakuna anayekijua, kwani vipi?

Langu mie ni dogo tu, gorofa moja juu ya nyumba, kijana wangu ataka kuoa. Makaratasi nimepeleka ofisi moja sitaitaja na leo ni siku ya 83. Nikienda naambiwa mkubwa yuko semina, nikirudi naambiwa sistimu imelala, mara ya tatu kijana mmoja akanifuata mpaka kwenye ngazi akaniambia mzee hii faili yako haina miguu, tuitafutie miguu? Nikamwambia miguu ninayo mie ndo maana nimekuja mara tatu. Na simiti niliyonunua mapema kama mjinga imeanza kushika mawe stoo na unyevu huu wetu.

Binti Kibokoni:
Baba pole kwa usumbufu ila hapo kwa siku 60 umeniacha njiani. Kimya maana yake ni faili haijafunguliwa, na faili haijafunguliwa maana yake hakuna alotizama hizo nondo. Msingi wako uliwekwa ubebe gorofa ngapi? Nyumba za mji huu nyingi ni mawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, mtu aja aweka zege juu aona yamekwisha. Ile gorofa ya Huruma kule Nairobi 2016 iloporomoka usiku wa mvua ikaua watu zaidi ya 40, serikali yenyewe ilisema lile jumba lilikuwa lishaamriwa libomolewe, na watu walikuwa bado walala ndani.

Halafu huku kwetu Mji wa Kale mambo ni zaidi, eneo zima ni la uhifadhi tangu miaka ya 90, ukitoka kaunti wapita tena kwa ofisi ya uhifadhi ilio chini ya Makumbusho ya Taifa, huwezi tu kung'oa mlango wa nakshi uweke geti la chuma. Watu wanung'unika sana lakini mie naunga mkono. Jirani yetu kapandisha gorofa nne, sijui kwa kibali gani, sasa chumba cha mamangu wawasha taa saa sita mchana. Na sheria hiyohiyo yako yasema mwombaji auarifu umma, watu waweze kuleta pingamizi. Wewe baba majirani uliwaambia?

Baba Harusi wa Tudor:
Niliwaambia kwa mdomo, mmoja akaniuliza harusi lini.

Msumari:
Jenga mzee. Wote wamejenga. Waja na ile X nyekundu ya kubomoa waipaka ukutani, wewe waipaka chokaa juu yake, maisha yasonga.

Fundi wa Kisauni:
Huyo Msumari asiwadanganye, X ikipakwa mie fundi ndo nashikwa kwanza, mwenye nyumba huwa yuko Dubai.

Ila mwabishana nondo na vivuli na hakuna hata mmoja alosema choo. Nimepiga mawe miaka zaidi ya 20, Mishomoroni, Bamburi, Likoni, niulizeni mie. Maji ya mji huu yatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, yakikatika mabomba kila mtu arudi kisimani, na hicho kisima na shimo la choo vyakaa ua mmoja watizamana. Mwamba wetu wa matumbawe una matundu kama sifongo, unachokimwaga huku kesho kiko kule. Shimo lilichimbwa la familia moja, wewe waongeza gorofa wapangisha vyumba vinne juu, kila chumba choo chake ndani maana mpangaji wa siku hizi hakubali choo cha nje, na shimo ni lilelile la marehemu babu. Kwangu mie hiyo ndo kazi ya kibali, mtu aje atizame shimo. Tatizo ni inspekta akija atizama gorofa, akiuliza sana auliza msanifu ni nani. Kunifungulia mfuniko wa shimo hajanambia hata mmoja tangu nianze kazi.

Mama wa Majengo:
Nyie mna hatimiliki ndo maana mwapata nafasi ya kubishana. Sie wa nyumba bila shamba tuseme nini? Nyumba ni yetu, alijenga mamangu, ardhi ya mwenyewe, na wakala wake kila mwezi aja na kitabu chake cha risiti twamlipa. Huko nyuma kabisa Wazungu walileta sheria yao ya 1908 ya kuandikisha ardhi ya pwani, alokwenda kuandikisha akapata, asokwenda wajukuu zake ndo sie. Fomu yataka hatimiliki. Sina, sitakuwa nayo, na mwenye ardhi haandiki barua ya kunikubalia ukuta wa mawe kwa sababu ajua nikiweka mawe sitoki. Basi watu huku hujenga Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku ofisi zikiwa zimefungwa, Jumatatu yaonekana nyumba imenenepa. Hizo siku zenu 60 hata kuanza kuhesabu sie hatujaanza.

Binti Kibokoni:
Mama hilo lako ni zito kuliko letu lote. Lapaswa mada yake peke yake.

Mama wa Majengo:
Kila siku lapaswa mada yake peke yake.

Karani Mstaafu:
Mwenye mada, kisheria uko sawa, kimatendo umekwama. Kibali cha kimya hakina karatasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi wataka ramani zilizopitishwa ndo waandikishe mradi wako, benki ikikukopesha yataka karatasi hiyohiyo. Utawaonyesha kalenda?

Baba Harusi wa Tudor:
Karani umenibana, nakubali. Lakini tizama na upande huu. Wangenikataa kwa maandishi ningejua pa kwenda, ningekata rufaa kwa ile kamati ya kaunti ndani ya siku 14 na wao wana siku 14 za kuamua, nisiporidhika niende mahakama ya mazingira na ardhi. Kunikataa kungenisaidia kuliko hivi! Kimya hakina tarehe, hakina sababu, hakina sahihi ya mtu, nitakikatia rufaa vipi? Ndo maana naona bunge liliweka zile siku 60, kukipa kimya maana. Tukikubali sote kwamba hazifanyi kazi basi kijana wa kwenye ngazi ndo amekuwa sheria. Binti, la msingi nimekusikia, injinia alichimba akautizama na ripoti ninayo. La choo sikuwa nimelifikiria hata kidogo, fundi umenikosesha usingizi.

Karani Mstaafu:
Ulipopeleka makaratasi walikupigia muhuri wa kupokea kwenye kopi yako?

Baba Harusi wa Tudor:
Muhuri upo ila tarehe imefifia, yasomeka kama 3 au 8.

Karani Mstaafu:
Basi risiti ya ada ina tarehe, anzia hapo. Andika barua, taja kifungu, taja tarehe, waombe wakujibu kwa maandishi, kopi yako ipigwe muhuri mbele yako na usiondoke kabla ya kuusoma.

Baba Harusi wa Tudor:
Jumatatu asubuhi niko pale. Fundi, ukipata nafasi kesho baada ya Alasiri pitia kwangu tufungue huo mfuniko.