Dola ikishikwa kwa jina la dini, raia anashika wapi? (Sudan 1989–2019)

Msomaji_wa_Katiba:
Wakuu, habari za wakati huu. Sudan ilipiga kura Aprili 1986, ikapata bunge na waziri mkuu wa kuchaguliwa, Sadiq al-Mahdi. Miaka mitatu baadaye ikaangukia mikononi mwa watu waliotawala kwa jina la dini, nao wakakaa miaka 30. Sitafuti wasifu wa viongozi. Nataka kujua raia walifanya nini, kipi kilifanya kazi na kipi kiligonga mwamba. Wasudani hawa hawa walishaangusha majenerali wawili kwa mgomo, 1964 na 1985. Sasa 1989 walikwama wapi? Jibu la "watu waandamane" naomba mniachie, nataka namna yenyewe.

Mwl_Historia:
Mkuu, walikwama kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja. Mgomo ulikuwa umeshafanya kazi mara mbili, na safari hii waliopindua walikuwa wameusomea.

Novemba 1985 vyama vya siasa na vya wafanyakazi vilitia saini Mkataba wa Kulinda Demokrasia: jeshi likipindua, nchi inagoma. Chama kimoja kikubwa hakikusaini, National Islamic Front, chama cha siasa za Kiislamu cha Hassan al-Turabi. Uchaguzi uliofuata kikapata viti 51, cha tatu bungeni, vikiwemo vingi kati ya vile vilivyotengwa kwa wahitimu. Maana yake kilikuwa na wasomi wa kukaa maofisini kabla hakijawa na serikali.

30 Juni 1989 Brigedia Omar al-Bashir akachukua nchi, siku chache kabla ya serikali kufikia uamuzi wa kusimamisha sheria za Kiislamu ili ipate amani na waasi wa kusini. Katiba ikasimamishwa, bunge likavunjwa, vyama vya siasa na vya wafanyakazi vikapigwa marufuku, magazeti yakafungwa. Turabi mwenyewe alipelekwa gereza la Kober pamoja na wapinzani wake ili isijulikane kuwa mapinduzi ni ya chama chake. Hata Misri iliwapokea kwa mikono miwili ikidhani ni wanajeshi wa kawaida. Raia walipoteza muda wakijiuliza "hawa ni akina nani?" na muda huo ndio uliohitajika kugoma.

Kasoro ya mkataba ni kwamba ulitegemea viongozi wanaojulikana kwa majina, wenye ofisi zenye vibao mlangoni. Ukiwazoa usiku mmoja, hakuna wa kupuliza filimbi. Madaktari ndio waliojaribu, Novemba 1989. Mgomo ulizimwa, daktari mmoja wa uongozi akahukumiwa kifo, ingawa baadaye aliachiwa. Wengi wakaishia kwenye "nyumba za mizimu", yaani mahabusu zisizo na kibao wala daftari la wafungwa.

Kisha ikaja *tamkin*. Ni mzizi ule ule uliotuzalia neno "makini": kumkita mtu mahali asing'oke. Majaji, walimu, maofisa wa serikali na wa jeshi waliachishwa kazi kwa barua inayosema "kwa maslahi ya umma", na nafasi zao wakapewa watiifu. Ukiuliza dini iliingiaje madarakani, fuata barua hizo kabla ya kufuata hotuba za msikitini.

Msomaji_wa_Katiba:
Kwa hiyo walioanza kulengwa ni wa kalamu, si wa bunduki?

Mwl_Historia:
Wote. Aprili 1990, ndani ya Ramadhani, maofisa 28 wa jeshi waliuawa kwa kupigwa risasi wakituhumiwa kupanga mapinduzi. Njia ya "tusubiri jeshi lituokoe" ilifungwa mapema.

Mchambuzi_Nile:
Niendelee hapo, maana maandamano ya 2018–2019 yaliyomwangusha Bashir ni jibu kwa makosa ya 1989, karibu nukta kwa nukta.

Serikali haikuviacha vyama vya wafanyakazi vife tu, iliweka vyake. Kila mahali pa kazi chama kimoja: daktari, mhasibu na mlinzi wa geti humo humo. Daktari hawezi kugoma kama daktari. Waliotaka chama cha kweli wakaunda kamati zisizosajiliwa, za madaktari, walimu, wanahabari, mawakili, na baadaye zikaungana kuwa Jumuiya ya Wanataaluma wa Sudan. Hakukuwa na ofisi ya kuvamiwa, na viongozi wengi hawakujulikana kwa sura. Kamata wawili, tangazo la kesho linatoka vile vile.

Angalia pia walianzia wapi. Hawakuanza na "sharia iondoke". Walifanya hesabu ya kima cha chini cha mshahara, na maandamano ya 25 Desemba 2018 yalikusudiwa kuipeleka bungeni. Mji wa Atbara ukawatangulia. Tarehe 19 watu walitoka baada ya mkate kupanda kutoka pauni 1 hadi 3. Jumuiya ikabadilisha safari ile ile: badala ya bungeni, Ikulu, na badala ya mshahara, rais aondoke. Anayeishi kwa mkate huwezi kumwita kafiri ukaeleweka.

Utaratibu wa mtaani ulikuwa hivi. Jumuiya inatoa jedwali la juma zima: siku gani, mji gani, watu waanzie wapi. Saa saba mchana ndiyo saa yenyewe. Watu wanatembea kama wapita njia, wawili wawili, mikono mitupu. Mwanamke mmoja anapiga kigelegele, na kwa sauti hiyo wapita njia wanakuwa maandamano. Askari hawana kundi la kulizuia mapema kwa sababu dakika moja kabla halikuwepo. Wakitawanywa hapa, mtaa mwingine unaanza. Ndiyo maana kamati za mitaa zilikuwa na uzito kuliko hotuba: majirani wanajua uchochoro upi unatokea wapi na nyumba ipi itafungua mlango.

Madaktari safari hii waligoma kwa hesabu. Wagonjwa wa dharura wanatibiwa, wengine wanasubiri. Ukifunga chumba cha dharura unaipa serikali hoja ya bure.

Mitandao ya kijamii ilipozuiwa, watu walihamia VPN, programu za kukwepa vizuizi. Lakini kilichonifurahisha ni kundi moja la wanawake la Facebook lililoanza kwa mabinti kuchunguzana habari za wachumba. Wakaligeuza: picha ya askari kanzu aliyempiga mtu inawekwa, na ndani ya muda mfupi jina, mtaa na ukoo wake vinapatikana. Ni silaha yenye ncha mbili, bila shaka. Ukimtaja asiyehusika umemharibia maisha.

6 Aprili 2019, kumbukumbu ya kuanguka kwa Jenerali Nimeiri mwaka 1985, wakakaa mbele ya makao makuu ya jeshi. Bashir aliondolewa tarehe 11. Hawakuondoka. Jenerali aliyemrithi akajiuzulu kesho yake.

Msomaji_wa_Katiba:
Na intaneti ilipozimwa kabisa?

Mchambuzi_Nile:
Hilo lilikuwa 3 Juni, siku waliyovamiwa pale pale, wakafa zaidi ya 100. Jumuiya haikuita watu warudi uwanjani. Iliita mgomo wa siku tatu, 9 hadi 11 Juni, watu wakae majumbani, waweke vizuizi barabarani na waepuke kupambana na askari. Kisha 30 Juni wakajaza barabara bila intaneti: vipeperushi, ujumbe mfupi wa simu, mikutano ya usiku mitaani. Asiye na kamati ya mtaa kabla ya kuzimiwa hawezi kuiunda siku hiyo.

Bint_Kadhi:
Jamani, mnaandika kama vile upande mmoja ulikuwa wa dini na mwingine hauna. Wengi wa walioandamana ni Waislamu wanaoswali, na pingamizi la kwanza kubwa lilitoka ndani ya dini. Nimeiri alipotangaza sheria za Septemba 1983, yaani sharia, Mahmoud Mohamed Taha, mzee wa kidini, alitoa kipeperushi mwishoni mwa 1984 akisema zinaupotosha Uislamu na kuwadhalilisha watu. Alinyongwa 18 Januari 1985. Nimeiri hakumaliza miezi mitatu baada yake.

Mahakamani nako kulikuwa na namna. Kifungu cha 152 cha sheria ya jinai ya 1991 kiliadhibu "mavazi yasiyo ya heshima" kwa viboko hadi 40, bila kueleza vazi lenyewe. Kiliishi kwa aibu na haraka: unakamatwa, unachapwa, unarudi nyumbani unanyamaza. Mwandishi Lubna Hussein alikamatwa 2009 mgahawani na wenzake kwa kuvaa suruali. Kadhaa walikubali viboko 10 wakamaliza. Yeye aliacha kazi Umoja wa Mataifa ili kinga isimwokoe, akasambaza kadi za mwaliko kwa kesi yake, na alipotozwa faini ya pauni 500 akakataa kulipa ili afungwe. Chama cha waandishi kikamlipia akatoka kesho yake. Sheria ya aina hii hailiwezi jukwaa. Ila msiidhanie njia ya kila mtu. Mama ntilie au muuza chai asiyejulikana na wanahabari angechapwa tu.

Wakili_wa_Pwani:
Dada Bint Kadhi amesema kweli. Niongeze mawili ya sheria kwa wasomaji wa huku.

Moja, kuna waliojibu kwa kuondoka. Itifaki ya Machakos, makubaliano ya serikali na waasi wa kusini, 20 Julai 2002, hapa hapa Kenya, iliiachia kaskazini sharia na kuipa kusini haki ya kura ya kubaki au kujitenga baada ya miaka sita ya mpito. Januari 2011 karibu asilimia 99 walichagua kujitenga. Wasio Waislamu waliobaki Khartoum wakawa wachache zaidi kuliko zamani, na watetezi wao wameenda na mpaka.

Pili, katiba zetu zina kufuli. Ya Tanzania, ibara ya 3, inasema nchi haina dini. Ya Kenya, ibara ya 8, hakuna dini ya taifa. Nzuri, lakini Sudan katiba haikurekebishwa kifungu kwa kifungu, ilisimamishwa kwa tangazo la redio. Kinachofaa kulindwa mapema ni vitu vidogo: nani anaajiri majaji, nani anasajili vyama vya wafanyakazi, mtumishi akifukuzwa anakata rufaa wapi.

Kufumua nako kugumu. Sheria ya maadili ya umma ilifutwa Novemba 2019, na Julai 2020 zikaondoka adhabu ya kifo kwa kuritadi na viboko vingi. Hayo yalikuwa ya kalamu. *Tamkin* iliundiwa kamati maalumu ya kurudisha mali na kuondoa waliopachikwa. Ilikuwa na nguvu ya kufukuza bila kupita mahakamani kwanza, jambo ambalo mawakili wengi tuliliona kosa, kwa sababu uamuzi usio na utaratibu ni rahisi kutenguliwa. Jeshi lilipopindua 25 Oktoba 2021 kamati iligandishwa, na waliofukuzwa wakaanza kurudi kazini kwa amri za mahakama.