Mrejesho: Honda ya marehemu baba imewaka

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliwauliza kuhusu Honda CG125, pikipiki ya marehemu baba, iliyolala stoo hapa Malindi miaka kumi na moja, kiki imekaza haishuki. Mkanikataza kuilazimisha. Allah awalipe.

Nilitoa plagi, nikamimina dizeli ndani ya silinda, nikaiacha siku nne. Kisha nikatia gia kubwa na kulisukuma gurudumu la nyuma, mbele nyuma, mbele nyuma, taratibu. Pistoni ikaachia.

Tangi ndilo lililonitoa jasho. Hewa ya chumvi ya huku haina huruma na chuma. Nilijaza siki na vipande vya mnyororo, nikalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Kilichotoka kilikuwa rangi ya maji ya ukwaju. Kabureta ilikuwa na jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, iliyoziba tu.

Spea hazikunisumbua. Injini ya aina hii ilianza kutoka 1976, valvu zake zinasukumwa kwa vijiti, na bodaboda nyingi za Kichina zimeiga muundo huohuo. Plagi na kebo ya klachi nilipata duka la bodaboda.

Juzi, kiki ya saba, ikanguruma. Mama alitoka jikoni mikono imejaa unga, akasimama mlangoni kimya, akisikiliza. Jioni nikampakia hadi daraja la Sabaki, njia ya baba ya kupeleka samaki Mambrui.

Rangi siigusi. Ile mikwaruzo ya kapu lake nyuma ya kiti itabaki palepale.