Mrejesho: WildFly na mizani ya Mwaloni

Wakuu, niliuliza namna ya kuifanya WildFly, seva ya programu za Java, isikilize mizani ya samaki pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, inayotuma uzito kwa soketi ya TCP (muunganisho wa moja kwa moja) badala ya HTTP ya wavuti. Thredi (mkondo wa kazi) ya kusikiliza tuliyoianzisha ndani ya WAR, faili la programu yetu, ilibaki hai kila tukidiploi upya, imeng'ang'ania poti mpaka seva nzima izimwe. Alfajiri dagaa wanashuka, nani akubali kuzima seva?

Nimemsikiliza aliyesema niandike adapta ya JCA (utaratibu wa Java wa kuunganisha seva na mifumo ya nje), inayofungashwa kama faili la RAR. Imekubali. Seva yenyewe inaita start() ya adapta na kukupa BootstrapContext. Humo unachukua WorkManager, mgawaji wa thredi za seva, na kumkabidhi kazi ya kusikiliza. Thredi ni za seva, wewe unaazima tu. Kwenye stop() unafunga ServerSocket, accept() inakatika, poti inaachiwa. Kila uzito unapokelewa na MDB, kipande cha programu kinachoamshwa ujumbe unapofika.

Atakayefuata njia hii atumie scheduleWork kumkabidhi WorkManager kazi, si doWork. doWork inasubiri kazi iishe, na kusikiliza hakuishi, basi start() itaganda hapo hapo. Pia MDB itajiwe adapta yake kwa anotesheni ya @ResourceAdapter, la sivyo WildFly inaichukulia ni ya JMS (ujumbe wa Java) na kuielekeza kwa ActiveMQ, mfumo wa foleni za ujumbe.

Wale mlioshauri kuongeza subsystem (sehemu ya seva yenyewe) ndani ya WildFly, hoja yenu nimeiona, ila ingetufunga kwa seva moja. RAR naweza kuihamishia Payara, seva nyingine ya Java.

Kinachonisumbua sasa ni umeme wa mizani, lakini hilo ni la fundi mwingine.