Tupeane uzoefu: kaptula za shule zinazoachia kabla ya muhula kwisha

Mdau wa Mwanga, Kigoma
Wakuu, sare za siku hizi hazifiki likizo. Kwenu zinaanza kuachia wapi?

Fundi wa Ujiji
Msambani. Pale mishono minne inakutana, na mtoto kutwa anachuchumaa kucheza gololi. Nyingi za dukani zimefungwa kwa ovaloki (mashine ya kuzungushia uzi ukingoni) peke yake na kitambaa kilichoachwa pembeni hakifiki sentimita 1, hivyo uzi mmoja ukikatika njia nzima inafumuka. Kabla haijavaliwa, igeuze, pitisha cherehani ya kawaida mara mbili, mshono mfupi, kama hatua 12 kwa inchi, uzi wa polista. Ya kushonesha, dai pindo la sentimita 6 la kushushia. Kiraka cha tako kikae ndani, kiwe chepesi kuliko kaptula. Kikiwa kizito, nguo inachanika pembezoni mwake. Kona zikatwe mviringo.

Mama wa Isevya
Hapo kwenye kona, kweli kabisa. Kona kali ndiyo inayoinuka kwanza.

Muuza mtumba, Tabora
Mngechukua mtumba msingeteseka. Inua nguo juani, ukiona mwanga takoni, rudisha.

Fundi wa Ujiji
Mtumba umeshafuliwa mara ngapi? Nyuzi zimekwisha nguvu.

Muuza mtumba, Tabora
Umefuliwa na haujachanika, ndugu yangu. Hiyo ya dukani nani kaipima?

Dobi wa Kiloleni
Mnagombania mshono, nguo inafia kwenye pasi ya mkaa! Pasi hiyo haina kipimo. Pamba inavumilia, polista inayeyuka karibu nyuzijoto 260, na kabla ya hapo inang'aa na kusinyaa. Marinda ya sketi yakiunguzwa na chuma cha pasi hayarudi. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu, jaribu pindo la ndani kwanza. Na jamani, kola isinyooshwe mtoto akiwa ameivaa. Polista iliyoyeyuka inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Mama wa Isevya
Hee! Na asubuhi za kuchelewa wengi ndivyo wanavyofanya.

Muuza mtumba, Tabora
Ya kola iandikwe ukutani.

Mdau wa Mwanga, Kigoma
Na doa la mawese kwenye shati jeupe? Jiki?

Mama wa Isevya
Loweka na jiki usiku kucha.

Dobi wa Kiloleni
Usiku kucha unaozesha pamba, na lastiki inalegea. Sugua sabuni ya mche doa likiwa bado kavu, iache ikae dakika 20, fua kwa maji ya moto, anika doa likitazama jua. Mafuta yakishatoka, rangi ile ya chungwa jua linaila lenyewe.