Bibi yangu anaendesha kamyo ya mugodi, mimi nabaki na batoto. Munatutukana asubuyi, mangaribi munaomba minervali (franga ya masomo)

Bandugu, nafungua hii uzi na hasira kabisa, pale nitaandika vibaya mutanisamehe. Nimechoka na bantu ba mu familia, ba mu avenyi, ba ku kanisa, bote benye kazi yao ni kuchunguza nani anapika mu nyumba ya bengine.

Ni hivi. Bibi yangu eko shofere ya kamyo kubwa mu mugodi upande ya Fungurume, ile kamyo gurudumu yake inanipita urefu. Anafanya siku zake kule, anarudi, anapumzika, anaenda tena. Mimi niko fundi ya kushona, mashini iko hapa hapa mu parseli, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, kwa hiyo njo mimi nabaki na batoto: kupika bukari (ugali), kufua, kuogesha, kupeleka ku masomo, na ule mudogo namufunga ku mugongo na kitenge wakati nakata nguo. Tulikaa bawili tukahesabu, tukaona vile njo inafaa, basi. Hakuna muntu tuliomba chakula.

Sasa sikieni vile banasema. Juu yangu: banamulisha dawa, alikuwa mwanaume, bibi akamumaliza. Juu yake: ule si mwanamuke ni dume, na kule ku kambi analala na nani? Hii ya mwisho njo inaniuma sana, juu bwana akienda Kolwezi kutafuta kazi akae miezi na miezi, hakuna mwenye anauliza analala na nani, banamuombea ku kanisa. Bibi akienda, kila muntu anageuka polisi.

Mutoto yetu mukubwa anarudi ku masomo analia, benzake banamuambia papa yako njo mama yako. Batoto badogo vile habawezi kuzua hiyo peke yao, balisikia kwao wakati ya kula. Na musifikiri ni banaume tu, bamama ku robine ya mayi njo ba kwanza, "mimi siwezi kuacha bwana yangu afue nguo zangu", eee, mama, nani alikuomba? Kuna hata mukiliya mumoja alikuta nimemupakata mutoto, akachukua kitambaa yake akapeleka kwa fundi mwingine mwenye eko "mwanaume muzima". Alirudi na pantalo muguu moya murefu kupita mwenzake. Nilimutengenezea, na bei nikapandisha.

Lakini mwenye alinimaliza ni yaya mumoja, ndugu mukubwa ya familia. Tulikuwa ku kilio, mutoto iko ku mugongo, nasaidia bamama kutwanga sombe (majani ya muhogo) juu bantu balikuwa bengi na mikono ilikuwa kidogo. Akanivuta pembeni, sauti ya chini ile ya bakubwa, eti naabisha ukoo, desturi yetu haiko vile, nirudishe bibi ku nyumba mbele bantu bacheke zaidi. Sawa yaya, nimesikia yaya. Kilio hata haijaisha, mesaji inaingia ku telefone, ni yeye yule yule: mulamu (bibi yangu) amesharudi ku mugodi? Muambie anisaidie minervali ya batoto.

Hiyo franga haina dume ndani yake? Hiyo haiabishi ukoo?

Na tuongee hiyo desturi, juu njo inaniwasha. Babu yangu alikuwa boyi kwa muzungu, hapa hapa, wakati muji iliitwa Elisabethville. Alipika, alifua, alipiga pasi mpaka nguo za ndani za madamu, alibembeleza batoto ba bazungu. Na hakuwa peke yake, kazi ya nyumba kwa bazungu ilikuwa sana sana ya banaume. Hakuna muntu alimuita mwanamuke. Mwisho ya mwezi alirudi na franga na ukoo yote ikamuita papa. Kumbe sufuria haikuwa na shida! Mwanaume akipikia batoto ba muzungu, ni kazi. Mimi nikipikia batoto yangu mwenyewe, nimelishwa dawa. Munifasirie pole pole, pengine mimi njo mujinga.

Na hii ya "bwana anatoka kutafuta, bibi anabaki ku nyumba", munafikiri bankambo njo balituachia vile? Wakati ya bankambo bibi alilima, aliuza, alibeba. Hii ingine ni Union Minière, ile kampuni ya shaba ya Babeleji. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni iliona mufanyakazi mwenye eko na bibi ku kambi anadumu ku kazi, hakimbii kurudi ku muji yake, basi ikaleta babibi, ikatoa nyumba na posho, lakini jina ku kitabu ya kazi ilikuwa ya bwana. Bamama ikabafungulia fuaye sosiali, bajifunze kushona na kupiga pasi namna ya kizungu. Serikali ikachukua kampuni 1967, kisha ikakuwa Gécamines, mpango ikabakia ile ile. Yaani munanipigia kelele ya desturi na desturi yenyewe ni sheria ya kambi.

Na iliishia wapi? Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka, 1994 haikufika hata 50 000. Mishahara ikakuwa hadisi tu. 2003 bakaondoa bantu zaidi ya 10 000, franga ya kubaondoa ikatoka Benki ya Dunia. Wakati ile nani alilisha hii muji? Bamama. Makala, bunga, munkoyo (kinywaji ya mahindi), kwenda Kasumbalesa kurudi na muzigo ku kichwa, kusukumwa ku mupaka ya Zambia, kurudi tena kesho. Bapapa bengi balikaa mbele ya nyumba na redio kungoja kampuni ibakumbuke, na bado nyama kubwa mu sahani ilikuwa yao. Bengi yetu benye tunaandika hapa tulisoma na ile munkoyo. Wakati ile hakuna mwenye alisema mama ni dume, juu alifanya kimya kimya, franga alimupatia papa, papa akaenda kulipa ku masomo kama yake.

Njo hapo. Habakasirike juu bibi analeta franga, alileta siku zote. Banakasirika juu leo iko na kontra, jina yake iko ku karatasi ya mushahara, na bote banaona ni yeye.

Halafu yaya ananiambia "sisi Balunda". Yaya! Sisi Balunda! Si Ruwej, malkia yetu ya zamani, njo papa yake alimuachia lukano, ile bangili ya ufalme, akanyima batoto banaume, Kinguri na Chinyama? Na Chibinda Ilunga muwindaji, na uzuri yake yote, si aliingia kuoa kwa bibi mwenye alikuwa na utawala mu mukono? Munatamba na hiyo hadisi ku ndoa zote, lakini hamusikie kyenye iko mu ndani.

Bapasta naacha, mutakuya kunijibu na mistari na mimi nitabajibu na Mezali (Mithali) 31, ile mwanamuke anachunguza shamba na ananunua. Someni yote, musikate mu katikati.

Kuna na bantu ba biro. Tulitaka kuandikisha kiwanja ku jina ya bibi, juu ni franga yake. Biro moya hapa mujini, siitaji, bakamuambia arudi na barua ya ruhusa ya bwana. Hiyo ruhusa ilikuwa mu Kodi ya Familia (kitabu ya sheria ya familia) ya 1987, sheria ya Julai 2016 ikaitoa! Nikaenda naye. Ule muntu hakumuangalia hata mara moya, maswali yote kwangu, unanunua lini, unajenga lini, mimi namuambia papa uliza mwenye kiwanja eko hapa. Anacheka. Na ndiyo, najua ile ile sheria bado inaandika bwana njo kichwa ya nyumba, musinikumbushe, mujomba mumoja anaitaja mu kila kikao sawa vile ni Baba Yetu.

Mujomba yule yule, Novemba 2024 wakati banadada ba TP Mazembe balichukua kombe ya Afrika ya ma klabu, balishinda AS FAR ya Maroc 1-0, aliruka kupita batoto. Mutoto yake musichana alitaka kwenda kucheza mupira, akamupiga na mukaba, eti atakosa bwana. Na Waziri Mukuu tangu 2024 ni Mama Judith Suminwa, hapo tena alipiga makofi. Mwanamuke ya mbali anaweza kufanya yote. Ya mu parseli yetu, hapana.

Sasa kyenye kinanileta. Leo yaya ametuma mesaji ingine, masomo inakaribia kufunguliwa, anataka minervali ya batoto yake bote. Bibi anasema tulipe tu, batoto habana kosa. Mimi nasema akuye kwanza hapa Kenya, anikute nafua, aombe kwa bibi mwenyewe, si kwangu, na aombe mbele ya bale bote benye aliambia nimelishwa dawa. Bibi anasema niko na roho ngumu. Hatujapatana.

Benye babibi yenu beko Fungurume, Kolwezi, Likasi, munafanyaka namna gani na familia? Munalipa na kunyamaza? Na ku masomo, kuna mwenye alienda kuona mwalimu juu ya matusi ya batoto, akasikilizwa? Benye muko na matusi yenu, andikeni, lakini mutaje kwanza minervali ya kwenu nani analipa.