Naandika kitabu-mchezo cha kulipiza kisasi cha mji ulioteketezwa, ila wasomaji hawaguswi. Naomba ushauri

Mwana wa Mnara (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Huu ni mwezi wa nane naandika kitabu-mchezo, vile vitabu ambavyo msomaji ndiye shujaa: unasoma kifungu, unachagua la kufanya, unaambiwa nenda namba fulani, na njiani unarusha dadu. Kisa chenyewe ni hiki. Mji wa Kengele Saba umechomwa usiku mmoja na jeshi la Jemedari Sumbi. Wewe ni mtoto wa mpiga kengele na umebaki peke yako. Unaondoka kumsaka jemedari.

Nimepanga vifungu 300. Mwanzo na mwisho viko tayari, katikati bado kuna mashimo, jumla nina vifungu 138. Juzi niliwapa watu watatu wajaribu. Walipigana, walifurahia dadu, hakuna aliyelalamika kuhusu kanuni. Nikawauliza: ulipofika mbele ya Sumbi ulijisikiaje? Mmoja akasema alikuwa anahesabu Uhai wake, zile pointi zinazopungua ukijeruhiwa, umebaki ngapi. Wa pili akaniuliza, "Kengele Saba ndiyo ipi? Ule mji wa mwanzo?" Wa tatu alitaka kumsamehe Sumbi akakuta hakuna njia hiyo, akafunga kitabu.

Lile swali la wa pili limeniuma sana. Usiku nilioandika kuungua kwa mji ule nililia kweli. Sasa kilio kile kimepotelea wapi kati ya mkono wangu na macho yake?

Kifungu cha kwanza nakiweka hapa kama kilivyo:

*1. Mji wako umeteketea. Baba, mama na ndugu zako wote wamekufa. Moyo wako unawaka hasira. Unaapa kulipiza kisasi. Ukitaka kufuata nyayo za jeshi, nenda 14. Ukitaka kutafuta silaha kwenye magofu kwanza, nenda 32.*

Msinionee haya. Semeni yote.

Bi Kurasa

Umeniambia moyo wangu unawaka hasira. Mimi nimeketi hapa, moyo wangu umetulia tuli. Ndipo uliponipoteza, kwenye sentensi ya tatu.

Katika hadithi ya kawaida ukisema "moyo wake uliwaka", nakubali, maana ni moyo wa mtu mwingine. Katika kitabu-mchezo neno lako ni "wewe", na wewe huyo ni mimi. Ukinitangazia ninachohisi na mimi sikihisi, nakuwa nje ya kitabu papo hapo. Niambie ninachokiona, kilichonishika mkono, kilichonizuia njia. Hisia niachie mwenyewe.

La pili, umenifilisi kabla hujanipa mali. Baba, mama, ndugu, wote kwa mstari mmoja, na sikuwahi kumwona hata mmoja akifungua mlango. Nipe vifungu vinane au kumi ndani ya mji kabla ya moto. Wala usinifanye mtalii anayeonyeshwa mitaa, nitume kazi. Mtoto wa mpiga kengele ana kazi. Kuna kamba ya kukata, na kisu hana, anaazima kwa jirani, jirani anamwambia kirudi asubuhi. Asubuhi jirani hayupo. Sasa nina kisu kwenye karatasi yangu ya safari, ile ninayoorodhesha vitu nilivyobeba, kimeandikwa "kisu cha kuazima", na kila nikikitumia katika pambano nasoma maneno hayo kwa macho yangu. Hapo huna haja ya kuniambia nina uchungu.

Dadu Mbili

Nampinga kidogo Bi Kurasa, kwa heshima.

Kitabu-mchezo hakisomwi mara moja. Unakufa, unaanza upya, unakufa tena. Vifungu kumi vya mji wenye amani vinapendeza mara ya kwanza. Mara ya tano msomaji anaviruka bila kusoma, na mji unageuka kero. Hilo ni baya kuliko kuusahau.

Angalia Flight from the Dark ya Joe Dever, ya mwaka 1984, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Lone Wolf. Vifungu 350. Nyumba ya watawa alikolelewa shujaa imeshateketezwa kabla hujafika kifungu cha kwanza, wenzake wote wamekufa. Kinachokusukuma ni habari: lazima umfikie mfalme umwambie kilichotokea. Ukisoma unasikia haraka miguuni. Mkuu, shujaa wako hana haraka yoyote. Sumbi ameshachoma, ameshaondoka, anakusubiri kwenye kifungu cha 300. Kwa nini nikimbie leo nisiende kesho?

Fundi wa Njia

Nyote wawili mna hoja na hazigombani. Mji uwepo, ila mwishoni mwa kifungu cha 1 weka mlango wa mkato: "Kama umewahi kuishi usiku huu, nenda 40." Anayerudia anaruka, anayeanza anaishi.

Mimi nizungumzie mashimo ya katikati, maana naona hatari nyingine. Mwana wa Mnara, kila uchaguzi unazaa njia mpya kabisa? Kama ndivyo, hutamaliza. Chaguzi mbili mbili mara kumi mfululizo ni miisho 1,024, na vifungu vyote ukivijumlisha ni 2,047. Hakuna mtu mmoja anayeandika hivyo akabaki na ubora. Tawanya njia, kisha zikusanye mahali pamoja, tawanya tena. Mto, daraja, lango la ngome, kila msomaji lazima apite hapo kwa namna yoyote aliyofika.

Shida ya kukusanya njia ni kwamba msomaji anahisi uchaguzi wake haukuwa na maana. Dawa yake ni maneno ya alama. Unamwambia aandike neno kwenye karatasi, usimweleze la nini. Vifungu mia baadaye: "Kama una neno hilo, nenda 205." Kumbukumbu ya kitabu inakaa kwenye karatasi ya msomaji.

Kwa kisa chako neno la kwanza ninaloliona ni LANGO. Jeshi liliingiaje mjini usiku? Mtu alifungua. Ingekuwa mimi, ningemfanya msomaji mwenyewe afungue lango asubuhi ile, kwa sababu nzuri kabisa, kwa huruma, akiwa hajui anamfungulia nani. Asipofungua yeye, atafungua mwingine na mji utaungua vilevile, lakini hatakuwa na neno LANGO. Kisha mwishoni Sumbi anamuuliza aliye nalo: unamlipizia kisasi nani?

Mwana wa Mnara

Fundi, nimesoma mara tatu hapo kwenye lango. Nimesimamisha kazi zote.

Kuhusu njia, ndiyo, nilikuwa naziacha zitawanyike tu. Ndiyo maana nimekwama 138, nilidhani ni uvivu.

Sasa yule wa tatu aliyetaka kusamehe. Nimpe njia? Naogopa, kitabu kizima ni cha kisasi.

Nyuzi Nane

Huwa nasoma tu humu, leo niseme.

Nilipofiwa, hasira haikuja kwanza. Vilivyokuja kwanza ni vitu. Kandambili mlangoni. Simu inalia nadhani ni yeye. Hasira ilifika miezi baadaye, na ilipofika nilishukuru, kwa sababu ilinipa cha kufanya asubuhi. Shujaa wako anaapa kulipiza kisasi moshi haujaisha. Mimi sikumwamini. Mwache kwanza azike. Mwache achague, maana hana muda wa kuzika wote. Atamzika nani?

Na kuhusu kusamehe: mpe njia, tafadhali, ila usiifanye kuwa jibu sahihi. Niliwahi kusoma visa ambapo anayesamehe anapata mwanga na ndege wanaimba, na anayeua anaambiwa amekuwa kama adui yake. Nilihisi natukanwa. Anayesamehe naye arudi kwenye magofu akakute bado ni magofu.

Bi Kurasa

Nyuzi Nane, pole sana, na asante. "Atamzika nani" ni uchaguzi mzito kuliko pambano lolote nililowahi kurushia dadu.

Dadu Mbili

Pole sana, Nyuzi Nane.

Nirudi kwenye hesabu, kwa sababu naona kitu kwenye pambano la mwisho kinachoua hisia kabla ya maneno. Mwana wa Mnara alinitumia kanuni zake. Anafuata mtindo uliozoeleka tangu The Warlock of Firetop Mountain ya 1982: Ustadi wako ni dadu moja jumlisha 6, yaani kati ya 7 na 12. Katika pambano kila upande unarusha dadu mbili na kujumlisha Ustadi wake, mwenye kubwa anamjeruhi mwenzake. Sumbi amepewa Ustadi 12.

Msomaji aliyepata 12 ana nafasi kama 44 katika 100 kushinda kila raundi, Sumbi naye 44, zilizobaki ni sare. Pambano zuri. Ila aliyeanza na 7 ana nafasi 5 tu katika 100 kwa raundi, na Sumbi ana 90. Huyo alishakufa aliporusha dadu ya kwanza kabisa, hajasoma hata neno. Tofauti ya pointi 2 peke yake inampa mwenye zaidi 66 dhidi ya 24. Dadu mbili hazina huruma, pengo dogo linakuwa bonde.

Kwa hiyo yule aliyekuambia alikuwa anahesabu Uhai wake alikuwa mkweli. Kitabu kilimlazimisha kuhesabu.

Usimshushe Sumbi tu ili awe rahisi. Acha safari imshushe. Kila alichokifanya msomaji kwa ajili ya watu wa Kengele Saba kipunguze Ustadi wa Sumbi kwa 1: amemzika mtu, amelipata daftari la majina, ameirudisha kengele moja iliyoibwa na jeshi, ikilia askari wake wanayumba. Hapo aliyeanza na 7 akiwa ameukumbuka mji anafika na nafasi, na aliyeanza na 12 akiwa ameusahau anapata shida. Yule aliyeuliza "Kengele Saba ndiyo ipi" angekufa, na angejua kwa nini amekufa.

Fundi wa Njia

Hilo la kengele lichukue leo leo.

Jambo dogo: ukishapanga njia, changanya namba mwishoni kabisa, si sasa. Andika kwanza kwa majina, "mazishi", "mto", "daftari", kisha uzipe namba na kuzitawanya ili jicho lisione kifungu jirani. Ukianza na namba utapotea na kumtuma msomaji mahali pasipo. Programu ya Twine ni ya bure na inakuchorea njia zote kwa masanduku na mistari, hata kama kitabu chako kitakuwa cha karatasi.

Mwana wa Mnara

Nimekaa nao siku nne ushauri wenu. Nimefuta vifungu 51. Iliniuma hadi cha kumi hivi, baadaye nikawa nafuta kwa raha.

Sumbi sasa anaanza na 12 na anaweza kushuka hadi 8. Kusamehe kuna njia, na Nyuzi Nane, wanarudi kwenye magofu, nimeandika kama ulivyosema. Kifungu cha mazishi bado kinanishinda. Nimekiandika mara sita. Nina majina manne na jembe moja, na jua linazama.

Mwanzo mpya ni huu:

*1. Zamu ya alfajiri ni yako leo. Baba hawezi kuinuka, mgongo. Amekupa ufunguo wa mnara bila kusema neno, kwa mara ya kwanza. Vidato ni 104. Kwenye kile cha mwisho unapapasa mfukoni: kisu cha mnoa visu kipo. "Kirudi kabla sijafungua kibanda," alikwambia. Kiandike kwenye karatasi yako: kisu cha kuazima.*

*Kamba ya kengele ya nne imebakiza nyuzi mbili. Ikikatika yenyewe, kengele itashuka na sakafu. Chini, nje ya lango, kuna msafara. Wanawake wamejifunika mablanketi, mtoto anakohoa. Mlinzi hawezi kufungua kabla ya kengele ya kwanza, na ameinua uso anakutazama wewe.*

*Ukipiga kengele ya kwanza, andika neno LANGO, kisha nenda 61. Ukikata kamba kwanza na kuwaacha wasubiri, nenda 22. Kama umewahi kuishi usiku unaofuata, nenda 40.*

Nyuzi Nane

Kwenye mazishi, usitaje kaburi lina kina gani. Taja jembe limeazimwa kwa nani.

Bi Kurasa

Nimekwenda 22. Nimekata kamba. Yule mtoto anakohoa bado, namsikia hadi huku juu.

Dadu Mbili

Mimi nimepiga. Najua mnachonifanyia, nimesoma uzi wote, na bado nimepiga, kwa sababu ya mablanketi. LANGO nimeshaandika. Tuwekee 61.